Mwezi Wenye Hewa

Kila asubuhi Nasimiyu alipeleka maziwa kwenye hoteli mjini Kitale, kisha akakimbia shuleni. Wiki hiyo alikimbia kwa furaha zaidi. Alikuwa ameteuliwa kuwakilisha darasa la saba katika mashindano ya sayansi Bungoma.

Swali lake lilikuwa hili: mwezi wa sayari ya mbali, wenye hewa, ambao mchana wake ni wa siku nane za kwetu na usiku vilevile, ungekuwa na hali gani ya joto na baridi?

Jumanne alijaza udongo mikebe miwili na kuianika. Mmoja aliufunika kwa karatasi ya nailoni iwe hewa ya mwezi. Wa pili aliuacha wazi. Alipaswa kupima joto kila saa.

Saa nane rafiki yake Sumeya akamwita. “Si ucheze kati kidogo, bana! Ati udongo utatoroka?”

Mchezo huo wa kukwepa mpira ulinoga. Mvua ikawanyeshea, wakajificha kwa kina Sumeya. Nasimiyu aliporudi, mkebe ulioachwa wazi ulikuwa umejaa maji. Akayamwaga, akaandika: saa tisa, nyuzi thelathini na nane.

Kesho yake Mwalimu Kipketer alisoma daftari.

“Nasimiyu, saa tisa jana nilikuwa nimejibanza chini ya paa la duka la Hashim, viatu vimelowa chepechepe. Jua hili lako liliwaka wapi?”

Nasimiyu akainama. “Nilitunga, mwalimu. Nilikuwa nacheza. Sasa sitaenda Bungoma?”

“Leo ni Jumatano, mama. Jua limetoka. Anza upya.”

Siku hiyo hakubanduka. Saa tisa mvua ilirudi. Akakumbatia mikebe na kukimbilia barazani. Kwenye nafasi ya saa tisa aliandika tu: “Mvua. Sikupima.” Kisha akaendelea kupima pale kivulini. Udongo ulio wazi ulipoa upesi. Uliofunikwa ulitunza joto lake kama mtoto ndani ya blanketi.

Ijumaa, huko Bungoma, mwamuzi Bi. Dinah aligusa nafasi ile. “Na hapa?”

“Mvua ya Kitale, madam. Niliokoa mikebe kwanza.”

Bi. Dinah alicheka hadi akavua miwani. “Kwa pengo hili nimeziamini namba zako zote.”

Nasimiyu alishika nafasi ya pili. Mwalimu Kipketer alimnunulia muwa, wakatafuna pamoja.

“Mwezi ule hakuna aliyewahi kuukanyaga,” mwalimu alisema. “Tunaukisia kwa vipimo vya hapa kwetu. Vikiwa vya uongo, binti yangu, tutabaki tumeshika nini?”