Fyuzi ya Rimoti ya Pili

Rafiki yangu fundi redio ni mbishi: ukimwambia hapapitiki, hapo hapo ndipo atapita. Kaka yake alipofariki, baba yao alitaka ile mashine mbovu ya gemu waliyogombania utotoni itupwe. Rafiki yangu, dada wa marehemu, akagoma.

“Haitupwi, baba. Naitengeneza.”

Kwenye karakana yake isiyo na dirisha, alilehemu fyuzi mpya. Akachomeka rimoti ya kuchezea, gemu ikawaka. Alipochomeka ya pili, ya kaka yake, tik! Fyuzi ikaungua. Akaweka nyingine. Ikaungua tena, na taa zikazimika.

Gizani, ng'ambo ya meza, akasikia vitufe vikibonyezwa.

“Weka chini!” akafoka. “Zamu yangu!”

Vitufe vikanyamaza. Rimoti ikawekwa mezani, polepole. Kisha kiti cha upande ule kikaburutwa, kikaja mpaka kikagusa goti lake.