Kopo la Maji Safi

Hebu niambie wewe unayesoma: ukipaka rangi ya maji kwenye karatasi, ukaianika juani tangu asubuhi mpaka ikapinda kwa ukavu, halafu sehemu moja tu, kama upana wa kiganja, ikabaki mbichi siku ya kwanza, ya pili, ya tano, utasema ni nini? Unyevunyevu? Rangi feki? Mchoraji alisema rangi feki. Digrii yake haikuwa na somo la majini.

Mtaani walimwita Picha. Digrii ya sanaa, Second Class Upper, imelala kwenye bahasha ya kaki mwaka wa kumi na moja huu. Aliizungusha kwenye kila ofisi yenye kiyoyozi, na kila ofisi ikamwambia lete experience, kana kwamba experience inapimwa dukani kwa kilo. Akachoka kubisha hodi. Akabeba fremu yake ya miguu mitatu, mwavuli na boksi la rangi, akawa anatoka kila asubuhi kuchora mandhari: vilima, mabonde, njia za ng'ombe, mawingu. Nyumba ilikuwa ikiendeshwa na cherehani ya mkewe, na mkewe hakuwa mtu wa kulificha hilo.

"Profesa," alimwambia asubuhi moja, pini amezibana midomoni, "leo unaenda kuhesabu mawingu ya wapi?"

"Ya machimboni."

"Yasalimie. Yaambie na sabuni imekwisha."

Wakacheka wote. Walikuwa watu wa kucheka, wale wawili. Kumbuka hilo.

Mwaka huu Ofisi ya Utamaduni ilimkubalia maonyesho. Maonyesho ya kwanza ya maisha yake! Naye akabuni jambo: kila picha ingechorwa kwa maji ya mahali penyewe. Mchoraji wa rangi za maji hubeba makopo mawili, moja la kuoshea brashi, lingine la maji safi ya kuchanganyia rangi. Yeye angeyajaza yote mawili pale pale anapochora. Kwenye barua ya maombi akaandika kwamba mandhari yatajichora yenyewe. Wakubwa wakapenda. Wanapenda sana maneno wasiyoyaelewa.

Machimbo yale ya mawe yaliachwa zamani. Shimo lilikuwa limejaa maji ya kijani, tuli kama kioo kilichosahauliwa, na juu ukingoni wanawake walikaa wakiponda kokoto. Mmoja wao, waliyemwita Nyundo, alimwona Picha akiteremka na makopo yake.

"Kaka! Chora tu. Usichote."

"Kwani ni ya nani, dada?"

"Sijui ya nani. Najua si yetu. Sisi tunabeba madumu kutoka bombani, nusu saa kwenda, nusu saa kurudi, na haya hapa chini ya pua. Unadhani tunapenda mazoezi?"

Picha akacheka kisomi. Akachota.

Alichora pale siku tisa, picha tisa. Zote zilikauka vilima, zikakauka mawe, zikakauka mbingu. Sehemu ya maji haikukauka. Ukiigusa, kidole kinatoka na kijani, na kijani kinanuka tope.

Siku ya tisa, saa saba juu ya alama, mkewe akapanda kumletea chakula alichokisahau. Alivaa gauni la njano aliloshona mwenyewe. Jua lilikuwa la utosi, hakuna upepo, hakuna hata inzi.

"We mwanaume, nimepanda kilima chote kwa ajili ya tumbo lako. Nipe maji, nakufa na kiu."

Sasa elewa kazi ya huyu mtu. Alikuwa katikati ya anga, na anga ya rangi ya maji haisubiri: ukitoa jicho kidogo tu, inaingia michirizi na karatasi imekufa. Basi akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka, vidole vikakuta kopo, akampa. Aliangalia anga. Hakumwangalia mkewe.

Mkewe akanywa mpaka mwisho.

"Mh! Matamu. Na baridi hivi, umeyatoa wapi?"

Chupa yake ya kunywa, aliyodhani ndiyo amempa, ilikuwa juani tangu asubuhi. Haikuwa na ubaridi wowote. Picha akageuka. Kopo la maji safi lilikuwa tupu mkononi mwa mkewe, na kwenye mdomo wake wa chini palikuwa na mstari mwembamba wa kijani. Juu ukingoni nyundo zote zilinyamaza kwa pamoja. Na kule chini, katikati ya maji ambayo hakuna mtu aliyeyarushia jiwe, mawimbi madogo ya duara yalianza kupanuka, taratibu, yakija upande wao.

Siku ya pili sindano ya cherehani ilishika kutu. Siku ya tatu nguo za wateja zilikuwa zikilowa mikononi mwake, mchana kweupe, na harufu ya tope na majani yaliyooza ikakaa ndani ya nyumba. Tone. Tone. Picha alikagua dari, akakagua bomba la nje, akafunga valvu kuu. Tone. Akaweka sikio ukutani, kisha mlangoni, na mwisho akaliweka mgongoni kwa mkewe aliyekuwa amelala. Tone lilikuwa linatoka humo.

"Unasikia?" mkewe akamnong'oneza, kumbe hakulala.

"Nasikia."

"Na sauti yangu?"

 Sauti yake ilikuwa inakuja kwa kuchelewa, kama ya mtu anayeongea kutoka chini ya kisima.

"Mume wangu, ulinipa nini mimi?"

Saa saba mchana wa siku ya nne mkewe alisimama, akageukia ukuta zilikoegemezwa zile picha tisa, tayari zimetiwa fremu, maji yakimtiririka kwenye nywele alizozifuta mara nne. Picha akainama kutazama alichokuwa akikitazama. Katika kila karatasi, ndani ya ule ubichi wa kijani, palikuwa na doa la njano. Boksi lake halikuwa na njano ile. Ilikuwa njano ya gauni.

Akamkimbiza kwa mganga, mama mmoja aliyewahi kufua mashuka hospitalini, sasa anaishi nyuma ya gereji ya matairi, miwani yake imefungwa kwa uzi. Hakuwa na mbwembwe. Aliweka kiganja juu ya tumbo la mgonjwa, akafumba macho.

"Nani humu?"

Mdomo wa mke haukufunguka. Sauti ikatoka hata hivyo, nzito, yenye mapovu. "Nilikuwa mzima. Mmenigawa. Kipande kiko tumboni, vipande viko karatasini."

"Picha ngapi, mwanangu?" mganga akamuuliza Picha.

"Tisa, mama."

"Zirudi zote zilikotoka. Uzioshe mle mle mpaka karatasi ziwe nyeupe. Leo hii."

"Leo saa tisa ni ufunguzi wa maonyesho."

Mganga akavua miwani, akamtazama kama mtu anayetafuta akili ya mwenzake ilikodondoka.

"Mama, miaka kumi na moja," Picha akasema. "Miaka kumi na moja nabisha. Siku tatu tu, watu wazione, kisha naziosha kwa mikono yangu."

Mkewe alimshika kiwiko. Vidole vyake vilikuwa vimekunjamana kama vya mtu aliyekaa majini kutwa.

"Profesa," akanong'ona, na alijaribu kutabasamu, "nenda basi. Ila rudi mapema."

Akaenda. Mimi nimesema nitasimulia, sikusema nitamtetea.

Ufunguzi wa saa tisa ulianza saa kumi na nusu, maana Mkurugenzi wa Utamaduni alikuwa bado anakula. Aliingia na tai ya buluu na kundi la wasaidizi, akasimama mbele ya kila picha akisema "Very creative! Very, very creative!" huku msaidizi akimwandikia. Hakuona kwamba vioo vya fremu vimepata ukungu kwa ndani. Hakuona yule mama wa usafi anayepiga deki chini ya picha ya tatu, anahamia ya nne, anarudi ya tatu, akisonya. Wageni walianza kuziba pua. Mtu akauliza kama choo kimeziba. Na Picha, amesimama na suti ya kuazima mbele ya picha ya tisa, ile kubwa kuliko zote, aliona doa la njano limeshuka chini zaidi ndani ya kijani, limepata mikono, limepata shingo, limepata uso uliogeukia juu, na ule uso ulikuwa unamtazama yeye, na mdomo wake ulikuwa wazi kama wa mtu anayeita jina na sauti haifiki.

Alianza kuzing'oa ukutani. Watu walidhani ni sehemu ya maonyesho, wakapiga makofi! Alizing'oa nane. Aliporudi kwa ya tisa, msumari ulikuwa mtupu na chini yake maji yametapakaa.

Akaikuta nje, dereva wa Mkurugenzi anaiingiza kwenye gari.

"Mheshimiwa, hiyo hapana! Hiyo haijauzwa, haiuzwi!"

"Nani amesema tunanunua?" Mkurugenzi akashangaa kwa dhati. "Ofisi imeichukua kwa matumizi ya ofisi. Kijana, hiyo ni heshima. Itakaa juu ya kiti changu."

"Mke wangu yumo humo!"

"Ndiyo, ndiyo, wasanii. Mnaweka moyo." Kioo cha gari kikapanda.

Alimkuta mkewe nyumbani, mganga alikomrudisha, sakafuni kando ya cherehani, majirani wamemzunguka, hakuna anayethubutu kumgusa, kifua kinapanda na kushuka kwa sauti ya ndoo inayojazwa.

Kulipopambazuka walimbeba hadi machimboni, yeye na mganga na Nyundo na wenzake, wale wanawake ambao hakuna barua iliyowahi kuwaalika kokote. Picha akaingia majini mpaka kiunoni. Akaizamisha karatasi ya kwanza, akaisugua kwa viganja vile vile vilivyoichora, na kijani kikatoka kama moshi, kikashuka chini kinyume na jinsi rangi inavyotawanyika, kikashuka wima kama kamba inayovutwa na mtu, na papo hapo ukingoni mkewe akageuzwa ubavu akatapika maji ya kijani, mengi kuliko tumbo la binadamu, yakateremka kwenye mawe yakijitafutia njia kurudi shimoni, na Picha akachukua ya pili na ya tatu, miaka yake kumi na moja inamfumukia mikononi, akihisi kila karatasi inapokuwa nyeupe kitu fulani kinampita katikati ya miguu, kirefu, laini, hakina haraka, kinakwenda kuungana na mwenzake, na mwanamke kule juu akatapika tena na tena mpaka karatasi ya nane, na baada ya ya nane akavuta pumzi kavu, akalia kwa sauti yake mwenyewe.

"Imebaki moja," mganga akasema.

"Mama, naifuata leo leo."

"Wiki mbili. Ile njano inashuka. Ikigusa chini, mimi sina tena dawa."

Leo ni siku ya kumi na tatu.

Mkewe anaongea, anakula, hata juzi alimuuliza mawingu yanaendeleaje. Lakini ikifika saa saba anainuka kwenye cherehani, maji yanamchuruzika puani, anaufungua mlango na kuanza kutembea kuelekea ofisi ile, na mumewe na Nyundo humkamata barabarani, na kila siku amekuwa mzito zaidi kumshika, uzito wa nguo zilizolowa.

Picha amekwenda mara sita. Andika barua, wakamwambia. Ameandika tatu, zimepigwa mhuri wa IMEPOKELEWA. Mara ya sita sekretari alimvuta pembeni penye mashine ya kutoa kopi, akamwambia kwa mnong'ono, macho yake mlangoni: "Kaka yangu, zulia la Mkurugenzi linalowa kila saa saba. Ameacha chai, anakunywa maji tu, anamaliza dumu zima la ofisi amesimama. Kwenye kikao jana sauti yake ilitoka kama yumo kisimani. Na ile picha... mwanzo alikuwa yule dada wa njano peke yake. Sasa wako wawili."

"Wa pili ana rangi gani?"

"Buluu. Kitu chembamba, kama tai."

Basi sikieni, ninyi wa Ofisi ya Utamaduni, kuanzia Mkurugenzi hadi mpiga mihuri. Hatuombi kazi leo. Hatuombi samahani, hatuombi hata nauli ya mara sita. Teremsheni ile picha juu ya kile kiti. Msiifungulie faili, msiiundie kamati, msimwambie mtu alete experience. Ileteni machimboni kwa gari lile lile mlilochukulia, kesho, kabla ya saa saba mchana. Yule mwanamke aliomba maji tu. Mrudisheni nyumbani kwake.