Mkono Wenye Nukta Tano

Kirejesharangi kilinguruma kidogo, kikanyamaza, na ukutani akatokea karani wa reli aliyefariki miaka sitini iliyopita. Alisimama na kofia mkononi, masharubu yamechanwa vizuri, ngozi yake rangi ya kahawa iliyokolea. Mjukuu wake, mzee mwenye suti, aliitazama picha ya karatasi aliyokuja nayo, ambamo babu huyo huyo alikuwa mweupe pe, kisha akautazama ukuta.

"Loo! Kumbe babu ni mimi mtupu!" akasema, akacheka mpaka akatafuta kitambaa cha kufutia macho.

Dakta Jaimini Sonecha alikwisha kuyazoea hayo. Nyumba za Wahindi wa Tanga zilijaa albamu za uongo, naye ndiye aliyekuwa na mashine ya kuzisahihisha. Na tusifichane, uongo wenyewe ulipikwa humo humo chumbani mwake. Kabla hakijawa maabara, chumba kile kilikuwa studio ya picha, na aliyeketi pale dirishani alikuwa babu yake, Liladhar Sonecha, fundi wa penseli.

Vijana wa siku hizi hawajui penseli ilihusikaje na picha, basi nieleze. Zamani picha ilitoka kwenye filamu iitwayo negativu, na kwenye negativu mambo yamepinduka: cheupe huonekana cheusi, cheusi huonekana cheupe. Ukitaka bibi harusi atoke mweupe kwenye karatasi, unampaka weusi usoni kwenye negativu. Babu Liladhar alichonga penseli mpaka ncha ikawa sindano, akaweka kioo cha kukuzia jichoni, akachora vistari vidogo vidogo, maelfu kwa maelfu, kimoja kando ya kingine. Hata alipostaafu aliendelea kuzitengeneza negativu za zamani kwa mapenzi tu, na Jaimini mdogo alikaa chini ya meza akichezea maganda ya mbao yaliyodondoka. Mpaka leo, akinusa penseli iliyochongwa sasa hivi, humwona tena babu pale dirishani. Alimpenda babu yule kuliko mtu yeyote duniani.

Kirejesharangi kilifanya kazi kinyume cha babu. Kilitaka vitu viwili. Cha kwanza, negativu, ili kitenganishe madini ya fedha ya picha na risasi ya penseli iliyopakwa juu yake. Cha pili, chembe yoyote ya mwili wa mwenye picha: unywele kwenye chanuo, jino la utotoni, jasho lililokauka kwenye kola. Sehemu yake iitwayo kisomajeni iliisoma chembe, ikazitafuta jeni chache zinazoiamuru ngozi itengeneze rangi nyingi au kidogo, kisha ikakadiria. Jaimini aliwaambia wateja wote maneno hayo hayo: "Hukadiria, hakiapi."

Asubuhi hiyo, mjukuu wa karani wa reli alipokwisha kuondoka, waliingia bibi wawili wakigombana. Mmoja alikuwa kwenye kitimwendo, kile kiti chenye miguu minne kinachojua kupanda ngazi. Wa pili alitembea kwa miguu yake mwenyewe na alitaka dunia nzima ijue.

"Miaka themanini na minane, sina kiti, sina fimbo," alisema. "Huyu anapanda ngazi amekaa kama malkia."

"Hawa, hebu nyamaza, tumefika kwa watu."

"Shikamooni," Jaimini akasema.

"Marahaba, mwanangu," wakajibu pamoja, kwa sauti moja ya watu waliojibu salamu pamoja maisha yao yote.

Yule wa kwenye kiti aliitwa Manglaben Kotadia, mwenye miaka tisini. Mwenzake alikuwa Bi. Mwanahawa Shekue, jirani yake tangu utotoni. Mama yake, Bi. Mwanamkuu, ndiye aliyekuwa yaya wa Manglaben. Manglaben alikuwa mweusi, na macho yake yalikuwa na ukungu. Alifungua mfuko akatoa picha ya fremu, ya kifuani kwenda juu: bibi harusi mweupe, macho chini, pete puani.

"Mama yangu. Alifariki nikiwa na miaka minne. Wamenilea mashangazi, ndugu wa kike wa baba yangu, wote weupe. Kila nikikosea naambiwa, wewe tulikuokota relini, mama yako alikuwa mweupe kama maziwa, tazama picha." Akacheka, lakini hakukuwa na furaha ndani yake. "Utani, wanasema. Miaka themanini na sita nautazama utani huo ukutani. Sasa neva za macho zinakauka, na daktari kasema hazina dawa. Taa za Diwali hii nitaziona. Za mwakani nitaambiwa tu kwamba zimewashwa. Nataka kumwona mama yangu kabla ya hapo. Yeye mwenyewe, si huyu."

Jaimini aliigeuza fremu. Nyuma palikuwa na muhuri wa studio, na chini ya muhuri herufi mbili alizozijua kama anavyoijua sauti ya mama yake: L.S. Angeweza kunyamaza, maana bibi yule asingeziona herufi.

"Ba," akasema, akimwita kwa heshima kama bibi wa nyumbani, "aliyempaka mama yako weupe ni babu yangu."

Bi. Mwanahawa akakohoa.

"Basi dawa ya moto ni moto," alisema. "Washa mashine yako."

Negativu haikusumbua kupatikana, kwa kuwa Liladhar hakutupa kitu. Chembe za mwili ndizo zilizomtia Jaimini wasiwasi, maana marehemu alichomwa na majivu yakatiwa baharini. Lakini Manglaben alikuja amejiandaa. Alitoa kitambaa cha pamba kilichokunjwa mara nne, chenye madoa ya njano.

"Cha pithi," akasema.

"Singo tu hiyo," Bi. Mwanahawa akadakia. "Sisi singo, nyinyi pithi. Bibi harusi anasuguliwa mpaka anaomba msamaha."

Ndivyo. Manjano na unga wa dengu huchanganywa, bibi harusi hupakwa mwili mzima ili ang'ae, yaani awe mweupe, kisha husuguliwa kwa kitambaa. Waliomsugua yule msichana miaka tisini na miwili iliyopita walitaka kumtoa rangi. Rangi haikutoka. Kilichotoka ni ngozi, vipande vidogo visivyoonekana, vikakauka ndani ya manjano na kukaa salama miaka yote hiyo.

Kisomajeni kilichukua saa nzima. Kilikuta chembe za watu watano kwenye kitambaa.

"Watano?" Manglaben akashtuka.

"Wanne ndio waliompaka," Jaimini akasema.

"Mashangazi!" akasema Bi. Mwanahawa. "Hata kufa hawafi."

Jaimini alichukua tone la damu ya Manglaben, mashine ikalinganisha. Akasoma jibu mara mbili kabla ya kufungua mdomo. "Wa tano, nusu ya jeni zako ni zake. Hukuokotwa relini, Ba. Huyu ni mama yako mzazi."

Manglaben aliushika ukingo wa meza, akaubana.

"Sasa sikiliza jambo la rangi," Jaimini akaendelea, kwa upole. "Watu wa kwanza kufika Bara Hindi walitoka huku kwetu Afrika, makumi ya maelfu ya miaka iliyopita. Walikuwa weusi, na jua la kule ni kali, kwa hiyo weusi ukawafaa, unakinga mwili. Baadaye sana wakaja watu wa upande wa Irani, na baada yao, kiasi cha miaka elfu tatu na nusu au nne iliyopita, wafugaji kutoka nyika za kaskazini. Wengi wa wageni hao walikuwa na jeni moja iliyobadilika herufi moja tu ya maandishi yake, na herufi hiyo hupunguza rangi ya ngozi. Wote wakaoana, wakachanganyika, kusini na kaskazini, tajiri na maskini. Halafu, yapata miaka elfu mbili iliyopita, watu wakaanza kufunga milango, kila jamii ikaoana yenyewe kwa yenyewe. Lakini mchanganyiko ulikwisha kuingia ndani ya kila nyumba. Ndiyo maana tumbo moja linazaa mweupe na mweusi."

"Ngoja kwanza," Bi. Mwanahawa akasema. "Kumbe mlitoka kwetu, mkazunguka huko maelfu ya miaka, halafu mkarudi Tanga kutuuzia vitambaa?"

Hata Manglaben alicheka.

"Na mama yangu?" akauliza.

"Mama yako alirithi ile herufi ya zamani kwa baba na kwa mama. Mashangazi zako walikuwa na ile ngeni. Hakuna jingine, Ba. Herufi moja."

"Herufi moja," Manglaben akarudia. "Na mimi nimelala kifudifudi miaka mingapi, nikimwomba Mungu anisugue."

Jaimini akaiweka negativu mashinani. Ukutani ulitokea kwanza uso mweupe wa siku zote. Kisha mashine ikaanza kuinua penseli, mstari mmoja mmoja, na Jaimini akaiona kazi ya babu yake ikiondoka, vile vistari vya subira, alivyovichora mtu aliyekuwa akimpulizia chai ipoe. Ilimuuma. Alitamani kusimamisha mashine, na mkono wake ulikwisha kugusa kitufe. Akauvuta nyuma.

Uso ukabaki wenyewe: msichana mweusi wa miaka kumi na tisa, mwenye mashavu ya Manglaben na kidevu cha Manglaben, na woga kidogo machoni.

Manglaben alimtazama kwa muda mrefu. Machozi yalimtoka, lakini uso wake ulikuwa bado na swali.

"Ni mzuri," akasema. "Ni mimi. Lakini simkumbuki. Nilidhani nikimwona nitamkumbuka." Akajifuta. "Utotoni nakumbuka kitu kimoja tu. Mkono mweusi unanitilia mdomoni tonge la wali na mtindi. Mkononi, hapa karibu na kidole gumba, nukta tano. Niliwauliza mashangazi. Wakasema huyo ni yaya, mama yake Hawa, na nukta zake zimefutika kwa kufua. Eti mama yako alikuwa mweupe, mkono mweusi angeutoa wapi? Basi nikampenda Bi. Mwanamkuu mpaka kufa kwake."

Jaimini akaigeukia fremu. Picha ya kwenye fremu iliishia kifuani. Negativu haiishii hapo. Fundi wa penseli hakupoteza muda kwa sehemu itakayokatwa, babu alikuwa akisema, "Uso natengeneza mimi, mikono atatengeneza mkasi." Akaiagiza mashine ishuke chini.

Mapaja yakatokea, na sari ya harusi, na juu ya sari mikono miwili iliyotulia. Penseli haikuwa imeigusa. Mikono ilikuwa myeusi, yenye hina, na mkono wa kulia, kati ya gumba na shahada, ulikuwa na nukta tano za wino, zile walizokuwa wakichanjwa wasichana wa vijiji vya Porbandar, kule Bara Hindi.

Kisha Bi. Mwanahawa akaketi chini sakafuni, yeye asiyekaa.

"Mangla, nisamehe. Mama yangu nilimwosha mwenyewe alipokufa. Niliitazama mikono yake vizuri, haikuwa na nukta hata moja, wala alama ya nukta iliyofutika. Nimejua miaka arobaini."

"Umejua? Na hukuniambia?"

"Ulimpenda mama yangu kwa ajili ya tonge lile. Niliogopa nikikuambia si lake, utapunguza."

"Mjinga wewe," Manglaben akasema, huku analia waziwazi. "Amenilisha miaka kumi mizima baada ya hilo tonge. Nipunguze nini?" Akanyoosha mkono, wakashikana. Baadaye akamgeukia Jaimini. "Babu yako, alikuwa mtu mwema?"

"Ndiye mtu mwema kuliko wote niliowahi kuwajua," Jaimini akajibu. "Alidhani anawapa zawadi."

"Najua. Hata mashangazi walidhani hivyo." Manglaben akavuta pumzi. "Iambie mashine yako iukuze. Mkono tu, uso uondoe."

Mkono wa kulia ukakua ukutani, nukta tano, vidole vimekunjana kidogo kuelekea ndani. Manglaben akaamuru kitimwendo kisogee. Kikasogea hatua moja, hatua mbili, mpaka vidole vile vya mwanga vikafika usawa wa midomo yake. Akafumba macho, akafungua kinywa.