Mtungi wa Sutinem

Nyumbani siku ile walikuwapo Sutinem, mjane aliyelala mgonjwa kitandani, mwanawe Harjono, Lastri, mke wa Harjono, na Wening, binti yao. Wa tano alikuwa jikoni, ndani ya mtungi wa maji.

Lastri ndiye aliyeanza kuinusa harufu. Maji yalinuka utomvu mbichi.

"Baba Wening, umeosha shoka humu?"

"Shoka sijaligusa tangu Ijumaa," alijibu Harjono, akikwepa macho yake.

Ijumaa hiyo ya Kliwon, siku ya mizimu kwa Wajava, aliukata mkuyu wa chemchemi ili apanue bwawa la kambare. Mama yake alimsihi angoje hadi yeye mama apate nafuu, ateremke na wali na maua, amwombe ruhusa Danyang, mzimu mlinzi wa chemchemi, kwa Kijava cha heshima wanachosemeshwa wakubwa. Harjono hakukijua. Alisimama na shoka akapaza sauti kwa maneno ya kufukuzia mbuzi: "Wee mzee, hama, tunakata!" Vibarua wakaangua kicheko.

Kesho yake chemchemi ikakauka, yakabaki maji yake yaliyokuwa mtungini.

Jioni hiyo mtungi ulisema. Sauti ilikuwa ya upole, kama ya mgeni anayebisha hodi, na upole huo ndio uliomtisha Harjono, kwa maana kila neno lilipanda kutoka majini kwa adabu ambayo yeye hakumpa mwenye chemchemi, likampita kana kwamba hayupo, likaingia chumbani kwa mama yake, naye mama akajibu kwa lugha ileile, taratibu, akihema.

Harjono akasogea hadi kizingiti cha chumba cha mama yake.

"Mama, anataka nini?" alinong'ona.

"Nyumba yake umeibomoa. Anauliza nikiondoka atazungumza na nani humu. Asipojibiwa, atatoka kumtafuta wa kumjibu."

"Basi mfundishe Wening. Sasa hivi."

"Leo ndiyo unakumbuka? Si ulinikataza, ukasema ni maneno ya wafu, nitamharibia masomo?"

Wening alikaa kitandani, akamshika bibi yake mkono. "Nifundishe, Bibi." Sutinem alimpa neno la salamu. La pili hakulimaliza.

Sauti ikauliza tena. Wening akatoa salamu yake. Sauti ikaipokea kwa heshima, ikaendelea kuuliza kwa urefu, ikisogea karibu zaidi, na nyayo zilizolowa maji zikajitokeza moja baada ya nyingine sakafuni, kutoka jikoni hadi kizingiti cha chumba, ambapo Harjono alipiga magoti akiomba radhi kwa maneno yaleyale ya mbuzi, maana hakuwa na mengine.

"Mama, mjibu. Mama!"

Sutinem alikuwa amefariki.