Jagi Lililoungwa Gundi

Jagi lilikuwa tupu, na bado lilikuwa linatoa jasho. Renard Mazyck alilifuta kwa leso, likalowa tena, na leso ikanuka tope la kinamasi, lile ambalo mji mzima wa Charleston hulinusa maji ya bahari yakipwa. Ila asubuhi hiyo maji yalikuwa yamejaa.

"Baba, hilo umelitoa wapi?" aliuliza Odessa, binti yake, aliyekuwa akimfunga nyumbu kwenye gari lao la watalii.

"Nimelinunua."

"Muongo. Hilo la mama."

Kweli lilikuwa lake. Kwa watu wao wa visiwani, marehemu huwekewa kaburini chombo alichokitumia mwisho, nacho huvunjwa makusudi, ili mnyororo wa mauti ukatike, marehemu asije akamvuta mwingine wa nyumba ile. Renard aliyajua hayo tangu utotoni. Kila siku aliwasimulia watalii kwa mbwembwe. Lakini upweke ulimtia ujinga. Alikwenda kwenye kaburi la mkewe Clementia, akaokota vipande vyote, akaviunga kwa gundi. Alijidanganya kwamba ni ili watalii wapate kitu cha kutazama.

Walipopinda kuingia Mtaa wa Church, gari likiwa limejaa, nyumbu akagoma. Alilaza masikio, akatetemeka.

"Mabibi na mabwana," Renard akaanza, jagi mkononi, "hili limetoka kaburini..."

Ndani ya jagi mtu akavuta pumzi.

Nywele za Odessa zikasimama kama zimekamatwa na ngumi, zikavutwa, naye akang'olewa kitini akabamizwa kwenye gurudumu, akainuliwa, akabamizwa tena, damu ya pua ikirukia kofia za watalii, na kitu kisichoonekana kikaushika mkono wake kikaanza kuuzungushia mgongoni, taratibu, huku lile tope likinuka mpaka watu wakaziba pua, na bado watalii wakapiga makofi.

"Wanaigiza hawa, acha kabisa!" mzee mmoja akasema, akitoa simu.

Eulalie, dada yake Renard, mganga wa mizizi aliyekuwa akishona vikapu pale kona, alikuja mbio.

"Renard! Umeliunga? Una akili wewe? Livunje!"

Renard akaliinua jagi juu. Ndipo sauti ya Clementia ikatoka jagini, ya chini chini.

"Mume wangu, usinivunje. Huku baridi. Niachie huyu anipashe joto, nitakuwa naongea nawe kila siku."

Miaka mitatu hakuwa ameisikia sauti ile. Akalishusha jagi. Alimpenda mno mwanamke yule, na hapo mapenzi yake yalikuwa ukatili mtupu.

"Baba..." Odessa akanong'ona.

Mfupa ukavunjika, mlio wake ukasikika ng'ambo ya barabara.

Eulalie akamzaba nduguye kofi. Renard akalipigiza jagi chini, akalikanyaga kwa visigino huku analia, na chini ya kiatu chake mwanamke naye akalia, akalia, akanyamaza. Watalii wakashangilia.

Alasiri hiyo Eulalie alivirudisha vigae kaburini, akavimwagia chumvi. Clementia hajasikika tena.

Hospitalini, Renard alimpelekea bintiye supu ya kaa.

"Kula, mwanangu. Yamekwisha."

Odessa hakuigusa. Mkono wake ulikuwa kwenye plasta mpaka begani.

"Ulikuwa umeshaliinua, baba," akasema polepole. "Ukaniangalia usoni. Halafu ukalishusha."