Kompyuta ya Wakunga wa Kabambare

Kabati lilikuwa wazi, na kompyuta haikuwamo. Kufuli halikuvunjwa. Inspekta Faida aliligeuzageuza mkononi, mgongo ukimuuma kwa safari ya pikipiki kutoka Kasongo.

"Nani ana ufunguo?"

"Mimi, na muuguzi Alain," alijibu Mado, mkunga mkuu wa kituo cha afya. "Lakini Mama Inspekta, wezi ni wale wachimbaji wa dhahabu wa Lusangi. Jana walishinda hapa barazani wakichaji simu."

Kwa kompyuta hiyo wakunga wa Kabambare walisoma pamoja na wenzao wa Kasongo. Daktari Serge aliwafundisha kutoka huko, na uzazi ulipokuwa mgumu aliwaelekeza kwenye skrini. Sasa katika chumba cha pili kulikuwa na mama mwenye uchungu tangu alfajiri. Mado alikuwa akienda na kurudi, hatulii.

Faida alichungulia kabatini. Chaja ilikuwamo. Antena ilikuwa juu ya paa, betri ya sola mahali pake.

"Mchimbaji angeacha chaja?" aliuliza. "Kompyuta bila chaja angemuuzia nani?"



Alain aliitwa. Alikuwa mrefu, macho mekundu, akisuguasugua viganja.

"Jana jioni ulikuwa wapi?"

"Nyumbani."

"Na nani?"

"Peke yangu. Mke wangu Grâce alikufa."

"Lini?"

"Kiangazi hiki."

"Alifia wapi?"

Alain alielekeza kidole chumba cha pili. Papo hapo yule mama akapiga ukelele, na Alain akashtuka kama aliyechomwa.

"Alain," Faida alisema taratibu, "huyu mama anamhitaji daktari. Kompyuta iko wapi?"

Alain aliingia stoo ya dawa. Akaitoa chini ya vyandarua, imefungwa kwenye kitenge. Mado aliinyakua, akakimbia nayo.

"Kwa nini?"

"Grâce alikuwa anazaa, anatoka damu. Daktari iko mu skrini, anasema: finya hapa, Alain, finya na nguvu. Nilifinya, Mama. Sauti yake ilikuwa karibu sana. Mikono ilikuwa yangu tu. Zamani, kabla hii mashini ifike, daktari alikuwa anakuja mwenyewe na pikipiki. Ilipofika, hakukuja tena. Nikasema, ikipotea, watatuma mutu."

Alitazama sare ya Faida.

"Wametuma polisi."

Faida alikuwa ameshika pingu. Nyuma ya ukuta sauti ya Daktari Serge ilianza kusikika, ikikatikakatika.

"Mado, mikono yako peke yake haitoshi. Alain iko wapi? Akuje akusaidie!"

Alain hakusogea. Machozi yalimtiririka, wala hakuyafuta.

Faida alizirudisha pingu mfukoni.

"Nenda," alisema. "Nitakungoja mlangoni."