Wiki ya Ufunguzi Nyumbani kwa Akina Lahti

Kwetu kaskazini mwa Minnesota, wiki ya kwanza ya Novemba kazi haiendi. Mwili uko kazini, roho iko msituni. Jumamosi msimu wa kuwinda paa unafunguliwa. Tunauita "ufunguzi" tu, kana kwamba duniani hakuna kitu kingine kinachofunguliwa.

Jumanne ile, nyumbani kwa akina Lahti, Marlys alikuwa anapika maharage na nyama ya kupeleka kwenye kibanda cha uwindaji. Mumewe, Vern, alikuwa anasafisha bunduki mezani. Mtoto wao Wade, kijana wa miaka ishirini na mitatu, alikuwa bado kitandani, na saa sita mchana ilikuwa imekaribia. Mgodi wa chuma ulimpunguza kazini mwezi wa Agosti. Kabla ya hapo, mwezi wa Februari, rafiki yake Cory alizama ziwani barafu ilipovunjika. Tangu siku hiyo Wade alikuwa mtu wa kulala na kunyamaza.

Simu ikalia. Alikuwa Renae, mdogo wake Marlys.

"Dada, mwambie Wade asante sana. Vijana wangu wamefurahi hao! Kibanda kizima, na jiko lake!"

"Kibanda gani?"

"Si kile chake cha kuvulia samaki kwenye barafu. Amewapa jana. Kwani hakukwambia?"

Marlys alikata simu akabaki amesimama. Mtu wa kwetu hagawi kibanda chake cha barafu mwezi wa Novemba, wiki chache kabla ziwa halijaganda. Hata akiachwa na mke, kibanda hubaki naye.

"Cory alifia kwenye barafu," Vern alisema. "Wewe ungetaka kurudi huko?"

Maneno hayo yalikuwa na maana, na Marlys akarudi kwenye maharage yake. Lakini baadaye Wade alikuja jikoni kunywa kahawa. Alisema bila kumtazama mama yake, "Msijali, mama. Ufunguzi ukipita hamtasumbuka na mimi tena."

Marlys alizima jiko. Akamuuliza waziwazi, kwa sababu mambo haya huulizwa waziwazi. Swali halimpi mtu wazo ambalo hakuwa nalo. Humpa nafasi ya kusema.

"Wade, unafikiria kujiua?"

"Wakati mwingine."

"Twende kwa daktari, mwanangu."

"Siendi."

"Basi zile bunduki zako mbili zikae kwa mtu mwingine mpaka upate nafuu."

"Bunduki zangu haziendi popote, mama. Niache ninywe kahawa." Akachukua kikombe, akarudi chumbani.

Vern alikuwa amesikia yote.

"Nitafungia zote kabatini," alisema. "Ufunguo nitauficha."

"Na akiupata?"

"Hataupata."

"Vern, kuna ile sheria mpya. Mahakama inaweza kuamuru mtu asikae na bunduki kwa muda..."

"Ile sheria! Leo wanakuja kuchukua za Wade, kesho wanabeba na zangu, pamoja na ile ya marehemu babu. Na mtoto wetu ataitwa mhalifu. Sisi nasi tuna haki zetu, Marlys!"

Mimi simlaumu Vern. Huku kwetu bunduki ya babu hurithiwa kama shamba. Tena pale mgahawani tunapokunywa kahawa hakuna hata mmoja aliyeisoma sheria hiyo, lakini kila mmoja anaijua. Vern na Marlys wakakubaliana jambo moja tu: wakamuulize Darlene Perpich.

Darlene ana duka la bunduki. Kwa miaka ishirini amewafundisha watoto wa hapa usalama wa bunduki, na Wade alikuwa mwanafunzi wake. Jumatano asubuhi aliwasikiliza hadi mwisho. Kisha akafunga mlango wa duka ili mteja yeyote asiingie.

"Vern, ufunguo umeuficha wapi?"

"Hiyo siri yangu."

"Gereji, kwenye mkebe wa misumari?"

Vern alitoa macho. "Nani kakwambia?"

"Wade, alipokuwa na miaka kumi na miwili. Kila mwaka nawauliza watoto: nani anajua baba anaficha wapi ufunguo wa bunduki? Mikono yote juu! Wanaanza kwa kutafuta zawadi za Krismasi, wanaishia kwenye ufunguo. Hiyo nyumba wewe unailipia tu, Vern. Wanaoijua ni wao."

Vern alivuta kiti akakaa.

"Haya, niambie ukweli. Nikitia sahihi ombi la mahakamani, zangu wanachukua?"

"Hawachukui. Amri inamtaja mtu mmoja, naye ni Wade. Haruhusiwi kuwa na bunduki kwa muda fulani. Zako ni zako. Ila mnaishi nyumba moja, kwa hiyo lazima ziwe mahali asipoweza kuzifikia. Zilete hapa. Nakuandikia stakabadhi, nazifungia."

"Na Wade atakuwa mhalifu?"

"Hii si kesi ya jinai, hashtakiwi kwa lolote. Akiivunja amri, hapo ndipo anafanya kosa."

"Kwa hiyo jirani akinichukia tu, anaenda kunisemea?"

"Jirani hawezi. Hapa Minnesota wanaoomba ni watu wa familia au wa nyumba moja, au polisi, au wanasheria wa serikali. Na unaomba kwa kiapo. Ukidanganya makusudi, kosa linakuwa lako. Jaji asiporidhika anakataa, mnarudi nyumbani."

Marlys akauliza, "Na Wade mwenyewe hasikilizwi?"

"Hatari ikiwa ya sasa hivi, jaji anaweza kutoa amri ya dharura kabla ya kumsikia. Hapo ndipo watu wanapopiga kelele, na mimi mwenyewe sipapendi sana. Lakini ndani ya wiki mbili kuna kikao. Anaweza kuja na wakili na mashahidi wake. Kazi ya kuthibitisha ni yenu, si yake. Amri ikipitishwa inakaa miezi sita, au zaidi, mwisho mwaka mmoja. Na katikati anaweza kuomba iondolewe. Majimbo mengine yana taratibu zao. Karani wa mahakama atawapa fomu na kuwaelekeza."

Kisha akamshika Marlys mkono. "Ila kwanza mwombeni tena. Akizileta mwenyewe kwa hiari, mahakama ya nini? Na pigeni 988 leo hii, simu ya msaada kwa wanaofikiria kujiua na familia zao, wawaeleze mtakavyokaa naye. Msimwache peke yake."

Wakapiga. Mtu wa upande wa pili aliongea nao kwa upole, akawaelekeza kwenye kliniki ya afya ya akili, nayo ikawapa siku ya kuonana na mshauri. Jioni Vern mwenyewe alimwendea Wade.

"Mwanangu, Darlene atakutunzia. Ni mpaka ujisikie vizuri tu."

"Mzee, hata wewe?" Wade aligeukia ukutani. "Hapana."

Alhamisi asubuhi Renae alikuja kukaa na Wade. Vern na Marlys wakaenda mahakamani. Marlys aliandika yote kwa tarehe: kibanda kilichogawiwa, maneno ya jikoni, jibu la "wakati mwingine". Hakuongeza chumvi. Kalamu ilipomfikia Vern, aliisoma kwanza fomu yote upya. Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye. Vern hakuujua usemi huo, lakini siku ile aliuonja. Akatia sahihi.

Jaji alisoma, akawauliza maswali, akatoa amri ya dharura. Mchana polisi wawili wa kaunti walifika bila king'ora. Walimsomea Wade karatasi, wakamwonyesha tarehe ya kikao na namba ya kupata wakili. Wakachukua bunduki zake mbili na kumpa stakabadhi. Hawakugusa kingine. Za Vern, ya babu ikiwemo, Vern alizipakia mwenyewe kwenye pikapu akampelekea Darlene.

Aliporudi, Wade alikuwa anamngoja mlangoni.

"Mmeniuza. Wazazi wangu wenyewe!"

"Nichukie," Vern alisema. "Nichukie miaka hamsini, nitashukuru kwa kila mwaka."

Wade akageuka, akarudi chumbani kwake.

Jumamosi, alfajiri, milio ya bunduki ilianza kusikika mbali msituni. Vern alikuwa jikoni na soksi miguuni. Wade alimkuta hapo.

"Huendi?"

"Siendi."

"Si ungeazima bunduki kwa mjomba."

"Ningeazima."

Wade alivuta kiti. Vern akampakulia maharage, wakala. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Vern kukosa ufunguzi tangu Wade azaliwe, na wote wawili walijua hivyo. Sahani ilikuwa nusu wakati Wade alipoanza kulia. Hakuwa amelia hata kwenye mazishi ya Cory. Jumatatu alikubali kwenda kliniki.

Siku ya kikao Wade alifika na wakili, na karatasi iliyokunjwa mfukoni. Jaji akamwuliza kama anaipinga amri.

"Nilikuja kuipinga, mheshimiwa," Wade alisema. Akaikunjua karatasi. "Nimeandika sababu nne. Ya kwanza, niliandika kwamba mama yangu amesema uongo." Akaikunja tena. "Hakusema uongo. Hizi nyingine hazina haja."

Marlys alilia pale pale, na hakujali nani anamtazama.

Jaji aliweka amri ya miezi sita. Wade alihudhuria kliniki kila wiki, akatumia dawa alizoandikiwa. Kuna wiki alirudi nyuma, na kuna siku hakutaka kuongea na mtu. Mwezi wa Machi alipata kazi ya kutengeneza mashine kwenye kiwanda cha mbao. Mwezi wa Mei amri ilikwisha. Rekodi zake zilikaguliwa kama sheria inavyotaka, akarudishiwa bunduki zake mbili, na stakabadhi ikachanwa. Vern naye alichukua zake, ya babu ikiwa ya kwanza. Hakuna haki ya mtu iliyopotea njiani.

Mwezi wa Juni Wade alitimiza miaka ishirini na minne. Marlys alimwokea keki. Aliweka mishumaa, akaihesabu, akaihesabu tena, kisha akaenda kusimama dirishani mpaka alipoweza kuimba.